Haya na Kimya

Neno kwa wazazi na walimu wa Njombe na Makambako

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo wazazi wengi wa kwetu wanalo moyoni, ila ni wachache wanaolitoa mdomoni. Nalo ni hili: Je, yafaa kwa baba, au mama, au mwalimu wa Kiislamu kuzungumza na mtoto khabari za mwili wake, na za kubaleghe, na za maovu yanayomfuata katika simu? Au haya, ambayo Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa ni tawi katika matawi ya imani, yatulazimisha tunyamaze?

Watu wamekhitalifiana katika swali hili, na kila upande una hoja yake. Ama mimi naona kuwa haya ni kitu kimoja na kimya ni kitu kingine, na sisi tumevichanganya siku nyingi mpaka kimya kimevaa nguo za haya, kikakaa barazani kwetu kikaamkiwa kama mzee. Makusudio ya karatasi hizi ni kuvitenga viwili hivi, kisha kusema ni jambo gani yampasa mtu mzima alitengeneze katika nafsi yake kabla hajafungua kinywa mbele ya mtoto.

Wala sitawalaumu wengine kabla ya kusema langu. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Makambako. Kitabu cha kwanza cha fiqhi tunachowasomesha watoto ni Safinatun-Najah, kama wanavyosomeshwa watoto wa pwani na visiwani tangu zamani. Na mwanzoni kabisa mwa kitabu hicho, mtoto hajafika bado kwenye udhu, mtungaji amezitaja alama tatu za kubaleghe: kutimiza miaka kumi na mitano, na kuota ndoto ya kutokwa na manii, na hedhi kwa msichana. Basi kila nilipofika mahali hapo nilikuwa nikisoma upesi upesi kama mtu apitaye makaburini usiku. Watoto walihifadhi maneno ya Kiarabu, wakayakariri vizuri, na maana yake hawakuijua.

Siku moja kijana wa miaka kumi na mmoja akaniuliza, "Ustadhi, ihtilamu ni nini?" Wenzake wakacheka. Nami nikamkazia macho, nikamwambia kuwa mtoto mwenye adabu haulizi maneno kama hayo. Akainamisha kichwa. Nikadhani nimelinda heshima ya chuo.

Ikapita miaka miwili. Mama yake akanijia usiku baada ya sala ya Isha, amejitanda khanga mbili kwa baridi, akaniambia, "Ustadhi, mwanangu hali, halali, na skuli hataki kwenda. Na fedha zangu za viazi zimepungua mara tatu." Tukamkalisha kijana, tukamwuliza kwa upole, na kwa taabu nyingi maneno yakatoka. Mtu asiyemjua alizoeana naye kwa simu, akijifanya kijana wa rika lake. Wakacheka pamoja wiki nyingi. Kisha akamwomba picha ya mwili wake, naye kijana akaituma moja. Tangu siku ile yule mtu aligeuka, akamwambia kuwa asipotuma fedha ataisambaza picha ile kwa jamaa zake na walimu wake wote. Ndipo kijana akaingiza mkono katika fedha za mama yake.

Mama akamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Niliogopa kupigwa." Akamwuliza tena, "Basi ustadhi wako je?" Kijana akanitazama, akasema taratibu, "Ustadhi nilimwuliza neno moja tu, akanikasirikia."

Ndugu msomaji, neno lile sijalisahau mpaka leo. Yule mwovu alikuwa na subira ya wiki nyingi kumsikiliza mtoto yule, nami sikuwa na subira ya dakika moja. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa mtoto huamua zamani sana ni nani atakayemwambia siku ya msiba, na huamua kwa kuutazama uso wetu siku alipotuuliza jambo dogo.

Sasa tuutazame mji wetu, kwani nasaha isiyojua mahali pake ni kama dawa isiyojua ugonjwa. Makambako ni njia panda. Hapa yapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, na hapa yachepuka barabara ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapa. Malori hulala, wageni hushuka na kupanda, na fedha hupita mikononi mwa watu wasiojuana. Kule Njombe, mji ambao mwaka 2012 ulikuwa makao ya mkoa mpya uliokatwa kutoka Iringa, kuna mashamba ya chai, na misitu ya mbao, na viazi, na siku hizi maparachichi. Wazazi hutoka alfajiri katika umande na hurejea jioni. Watoto wengi wa vijijini wakifika skuli za sekondari hupangishiwa chumba karibu na skuli, wakapika wenyewe na kulala wenyewe, hapana mtu mzima wa kuwauliza wamerudi saa ngapi.

Na mkoa huu unajua tangu zamani jinsi ahadi tamu inavyomchukua mtoto wa mtu. Ni wasichana wangapi wa nyanda hizi waliopandishwa basi kwenda kufanya kazi za nyumbani Dar es Salaam, kwa neno la mtu aliyesema atawasomesha au atawalipa vizuri, na wazazi hawakumjua mtu yule wala nyumba yenyewe? Zamani mwenye kuleta ahadi ile ilimlazimu aje kwa miguu, aonekane, abishe hodi, ale ugali wetu. Leo habishi hodi. Huingia katika simu iliyo chini ya blanketi, baba na mama wamelala chumba cha pili.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 wakati watoto kadhaa walipouawa katika Njombe, khofu ilienea, wazazi wakawashika watoto wao mkono mpaka mlango wa skuli. Walifanya vyema, kwani mzazi ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini tujiulize: mkono ule tuliouunyosha ilipokuwa khatari yatembea njiani, mbona hatuunyoshi ilipokuwa khatari imeingia nyumbani? Sababu yake ni kuwa khatari ya kwanza yaweza kutajwa bila ya haya, na ya pili hatuwezi kuitaja. Basi mtoto ameachwa peke yake kwa sababu ya upungufu wa maneno yetu.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya kukisia. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na khabari zake zikatolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na wavulana kiasi cha 1 katika kila 7, walifanyiwa uovu wa namna hii kabla ya kutimiza miaka 18. Na sehemu kubwa yao hawakumwambia mtu ye yote. Na mwaka 2022 ukatolewa uchunguzi mwingine, wa UNICEF na INTERPOL na ECPAT, juu ya uovu unaowapata watoto wetu kwa njia ya intaneti. Ukaonyesha kuwa katika watoto wa miaka 12 hata 17 wanaotumia intaneti, 4 katika kila 100 walipatwa na uovu huo katika muda wa mwaka mmoja. Na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Mgeni wa mbali yupo, lakini jirani yupo zaidi.

Tena kuna jambo linaloihusu Njombe khasa. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 juu ya virusi vya ukimwi, watu wazima wenye virusi hivyo katika Tanzania yote walikuwa 4.4 kwa mia, na katika mkoa wa Njombe walikuwa 12.7 kwa mia, nao ndio mkoa ulioongoza. Huenda Mwislamu akasema, "Sisi wanaume wetu wametahiriwa." Ni kweli kuwa kutahiri hupunguza khatari ya mwanamume kuambukizwa, lakini kupunguza si kuondoa, wala kutahiriwa hakumfundishi mtu kuizuia nafsi yake. Basi katika mkoa ambao maradhi haya yameingia nyumba nyingi kiasi hiki, kumnyima kijana ilimu ya mwili wake kwa jina la haya ni kumpeleka mtoni gizani, kisha kumwambia asikanyage maji.

Sasa tuirejelee dini, tuone imesema nini.

Kwanza, katika Suratun-Nur watoto wasiobaleghe wameamrishwa wabishe hodi kwa wazee wao katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Na wakibaleghe ni wajibu wao kubisha hodi nyakati zote. Je, mzazi atamfundisha vipi mtoto amri hii bila ya kumweleza kuwa mwili una sitara yake, na kuwa kuna wakati ambao jicho halina rukhsa, na kuwa kubaleghe kuna alama zake? Basi aya hii yenyewe imetulazimisha kusema, na kusema na watoto wadogo.

Pili, Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza khabari ya mwanamke aotaye ndoto kama mwanamume, je, imempasa kuoga? Akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya katika jambo la haki. Mtume hakumkemea, alimjibu jawabu fupi iliyo wazi. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Tazama, hakusema kuwa hawakuwa na haya. Haya walikuwa nayo, na pamoja nayo waliuliza.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ni khabari ya kijana aliyemjia Mtume (s.a.w.) akamwomba rukhsa ya kuzini. Watu wakamkemea, wakamwambia anyamaze. Mtume akasema asogezwe karibu. Akamkalisha, akamwuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, na binti yake, na dada yake, na shangazi yake, na mama mdogo wake. Na kila mara kijana akajibu kuwa hapendi. Naye akamwambia kuwa na watu wengine vile vile hawalipendi kwa jamaa zao. Kisha akamwekea mkono, akamwombea dua. Ndugu, katika khabari hii kuna nyuso mbili: uso wa waliokemea, na uso wa aliyesogeza karibu. Kila mmoja wetu na ajiulize amefanana na uso upi.

Na desturi zetu za Kiswahili nazo hazikuwa za kimya. Mwana Kupona binti Mshamu, kule Siu katika kisiwa cha Pate, alipokuwa mgonjwa kiasi cha mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, na mambo ya mke na mume hakuyaruka. Na msichana wa pwani alikuwa na somo wake au kungwi wake wa kumweleza yaliyompasa. Leo kungwi hayupo, somo hayupo, shangazi yuko mji mwingine, na mahali pao pameachwa wazi. Pengo likiachwa hujazwa na aliye karibu, na aliye karibu na mtoto leo ni simu.

Pengine mtu atasema: "Ukimweleza mtoto mambo haya umemfungulia mlango." Jawabu yake ni kuwa mlango umekwisha kufunguliwa, wala si sisi tulioufungua. Mtoto mwenye simu, au mwenye rafiki mwenye simu, ameona au ataona mambo ambayo babu yake hakuyaona katika umri wake wote. Lililosalia kwetu ni kuchagua: ayapate kwa mtu asiyemtakia kheri, au ayapate kwetu, pamoja na hukumu yake ya halali na haramu, na hekima yake, na heshima yake.

Mwingine atasema: "Mambo haya yametoka kwa wageni, nao wana makusudio yao." Twajibu: yaliyo mabaya tuyakatae kwa hoja, na yaliyo mema tuyatwae, kwani hekima ni mali ya muumini popote aionapo. Lakini kumjulisha mtoto kubaleghe, na kumwambia kuwa mwili wake ni amana isiyoguswa na mtu, na kuwa asimfiche mzazi jambo linalomwumiza, hilo si la wageni. Hilo lilikuwa letu tangu mwanzo, nasi tumeliacha likaokotwa na wengine, kisha tukalikataa kwa kuwa tumeliona mikononi mwao.

Na wa tatu atasema: "Dawa ni kuwanyang'anya simu, na fimbo." Ama kumpa mtoto mdogo simu yake mwenyewe, hata mimi sioni kheri yake, na mzazi ana haki ya kuzuia na kuweka mpaka. Lakini katika mji kama huu, mtoto aliyenyang'anywa simu ya kwake atapata ya mwenzake, na tofauti itakuwa kuwa sasa anaficha. Ama fimbo, nimekwisha kukueleza ilichomfundisha kijana yule: ilimfundisha kuwa mwizi ni nafuu kuliko mama.

Basi imetudhihirikia kuwa maandalio ya kwanza ni ya nafsi ya mtu mzima mwenyewe kabla ya mtoto. Nami nayataja manne.

La kwanza ni uso. Mtoto akikuuliza jambo la kukushtua, usicheke wala usikunje uso. Mwambie, "Umefanya vyema kuniuliza." Ikiwa hujui la kujibu, mwambie utatafuta, kisha utafute kweli, urudi kabla ya siku mbili hazijapita. Ahadi isiyorudiwa ni kimya cha namna nyingine.

La pili ni maneno. Kila kiungo alichokiumba Mungu kina jina lake la heshima, wala si lazima jina hilo liwe tusi au liwe fumbo. Mtoto asiye na neno la kutaja tupu yake, atakapoguswa na mwovu hatakuwa na la kumshitakia. Atasema "alinifanyia vibaya," nasi tutadhani alinyang'anywa kalamu. Mama wajizoeze kusema wao kwa wao, na baba vile vile, mpaka ulimi ulegee, kabla ya kusema na watoto.

La tatu ni wakati. Mambo haya hayasemwi siku moja yakaisha kama khutba. Mtoto wa miaka minne au mitano na ajue majina ya viungo, na kuwa sehemu za siri hazichezewi na mtu, na kuwa siri inayomtia khofu haifichwi kwa mama. Wa miaka minane au tisa na ajue alama za kubaleghe kabla hazijamfikia. Kwani msichana anayeona damu naye hajaambiwa kitu hudhani kuwa anakufa, na mvulana aliyeota hudhani kuwa amelaaniwa. Na aliyebaleghe ajue hukumu ya kuoga na sala, na maana ya ndoa, na ubaya wa zinaa na sababu ya ubaya wake, na maradhi, na jinsi ya kukataa. Mama na binti yake, baba na mwanawe wa kiume. Na yatima au mwanafunzi wa chumba cha kupanga atafutiwe mtu mwaminifu aliye mahali pa mzazi.

La nne ni mikono yetu wenyewe. Tuseme kweli hata ikiwa chungu: kuna walimu walioikhini amana hii, wa skuli na wa chuo pia. Basi mwalimu asijifungie chumbani na mtoto mmoja, wala asimtume mtoto nyumbani kwake akiwa peke yake, wala asiandikiane na mwanafunzi wa kike kwa simu usiku kwa kisingizio cha masomo. Na wazazi wasione haya kumwuliza ustadhi jambo hili, na ustadhi asione kuwa ametukanwa. Mwenye amana safi haogopi taa.

Ama khabari ya simu khasa, mtoto afundishwe maneno machache ayashike kama anavyoshika nguzo za udhu. Picha ikitoka mkononi hairudi. Anayekuambia "usimwambie mama" si rafiki. Anayekupa vocha na zawadi naye hajakuona uso ataidai bei yake. Ukitishwa usilipe, kwani mwenye kutisha akilipwa mara moja huongeza. Wala usiyafute maneno yake, kwani ndiyo ushahidi. Mwonyeshe mtu mzima siku hiyo hiyo. Na mwisho, neno ambalo kila mzazi amwapie mtoto wake kabla ya msiba kufika: "Hata ukiwa umekosea, njoo kwangu. Kosa tutalitengeneza baadaye. Kwanza nitakutoa katika mkono wa adui."

Na sisi wazima tunalo letu. Picha ya mtoto wa mtu ikifika katika simu yako usiipeleke mbele, hata kwa kusudi la kusikitika. Kila aipelekaye ameongeza jeraha la mtoto yule, naye mbele ya Mungu ni mshirika. Na mbele ya serikali pia, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kusambaza picha za namna hiyo za watoto.

Tena jambo likitokea, desturi ya kulimaliza nyumbani kwa mbuzi au kwa fedha, ili jina la ukoo lisiharibike, ni dhulma iliyo wazi. Ni nani aliyesamehe? Ni wazee, kwa niaba ya mtoto ambaye hakuulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempasa kila mtu ajuaye kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe khabari kwa serikali ya mahali pake. Katika polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na kuna simu ya msaada wa mtoto, namba 116, haina malipo. Na mtoto aliyeingiliwa apelekwe hospitali upesi, asioshwe kwanza wala nguo zake zisifuliwe, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi hutolewa kabla ya saa 72 kupita. Familia nyingi hupoteza saa hizo katika vikao vya aibu.

Ama kijana wa khabari yangu, mama yake alikwenda naye polisi, nami nikafuatana nao. Yule mtu hatukumwona mpaka leo. Lakini kijana alirudi skuli, na baada ya miezi alirudi na chuoni. Siku aliyorudi nilikifungua kitabu mahali pale pale pa alama tatu, nikaeleza maana yake neno kwa neno, kwa sauti yangu ya kawaida. Hapana aliyecheka. Nilipokwisha, watoto wawili wakanyosha mikono kuuliza. Na mkono wa kwanza ulikuwa wake.

Basi tukumbuke kuwa haya ya kweli humzuia mtu na uovu, wala haimzuii na kuukinga. Haya iliyo ya kwetu wenyewe, ya kuogopa nyuso zetu zisigeuke rangi mbele ya watoto, hiyo ni raha ya nafsi tuliyoiita dini. Na raha hiyo anailipia mtoto.

Ewe Mola, tupe ulimi wa kusema haki kwa upole, na sikio la kusikiliza bila ya hasira, na uwahifadhi watoto wetu kwa tunayoyajua na kwa tusiyoyajua. Amin.